Kete zenye Uso wa Nakhungu

Nakhungu alijifunza poka jikoni. Alikuwa mpishi wa shule moja ya bweni ya wasichana huko Bungoma, na miaka ile ya themanini akaja mwalimu wa kujitolea, kijana wa Kimarekani, ambaye alichoka kula peke yake nyumbani. Githeri ya shule nzima, mahindi na maharagwe, huchukua muda kuiva. Kijana akaleta karata, wapishi wakakalia magunia, na kabla maharagwe hayajalainika Nakhungu alikuwa ameshamshinda mwalimu wake. Yule kijana baadaye alirudi kwao, poka akaiacha Bungoma.

Nilipomfahamu mimi, Nakhungu alikuwa mjane aliyestaafu, anaishi Kamukuywa na bintiye Everlyne, fundi wa kushona nguo. Kila Jumapili baada ya kanisa alikuja Kiminini kucheza nyumbani kwa Noah Wabwile, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza mizani za maghala ya mahindi. Noah alikuwa amefiwa na mke, hana mtoto. Wengine mezani walikuwa Kiptanui, mkulima wa Saboti, na Wangu, muuza mitumba wa palepale Kiminini. Wote watatu walifundishwa na Nakhungu, na alikuwa na sharti moja nao: wamwite kwa jina lake. "Mama Everlyne nimemwacha Kamukuywa anapika," alisema.

Mimi naitwa Kadija. Nilikuwa na saiba, duka la intaneti, mjini Kitale, karibu na msikiti, na karata sichezi. Kwa sababu hiyo hiyo walinifanya refa. Pesa haikuguswa pale. Aliyeshindwa aliosha vikombe, na mara nyingi alikuwa Kiptanui, mikono yake mikubwa ikihangaika na visahani.

Shida ilikuwa dau. Walicheza na punje za mahindi, na huku Trans-Nzoia kucheza na mahindi ni kumpa fisi bucha alinde. Mifuko ya koti la Kiptanui haikukosa punje mwaka mzima. Jumapili moja niliona mahindi mezani yamekuwa mengi kuliko yale tuliyogawa mwanzo, nikasimamisha mchezo.

"Kiptanui, haya yametoka wapi?"

"Si mahindi ni mahindi bana," akasema, bila haya hata kidogo.

Nakhungu alicheka mpaka akashika mbavu. Noah hakucheka. Mtu aliyezoea kukagua mizani hapendi mchezo wa aina hiyo, na Jumatatu asubuhi alikuwa kwenye saiba yangu, kofia mkononi, akitaka nimtafutie kete ambazo hakuna mtu anaweza kuja nazo mfukoni.

Ilikuwa mwaka wa 2005, na mtandao wa Kitale ulikuwa unaweza kukunywesha chai kikombe kizima kabla picha moja haijafunguka. Lakini tulizipata. Kulikuwa na kampuni huko ng'ambo inayotengeneza kete za kauri, nzito, zinazolia vizuri zikigongana, na mteja anachora mwenyewe anachotaka kiwekwe juu. Noah aliangalia kioo cha kompyuta kama mtu aliyeonyeshwa shamba.

"Ati naweza kuweka uso wa mtu?"

"Unaweza kuweka hata wa ng'ombe wako."

"Basi weka sisi. Kila mtu na langi yake." Noah akisahau, r na l zilibadilishana viti.

Kazi hiyo ilitushika wiki kadhaa. Nilikusanya picha zao, nikaziskani, nikazikata kwa mviringo. Hilo linaonekana rahisi mpaka uone sikio la Kiptanui limebaki nje. Wangu alitaka aongezewe shingo. Noah mwenyewe alichukua rangi ya kijivu, rangi ya mtu asiyetaka kusumbua. Nyekundu, kete yenye thamani kubwa kuliko zote, aliamua iwe ya Nakhungu, na akakataa niandike chochote chini ya uso ule isipokuwa jina lake. Nilimshauri upande mmoja wa kila kete tuuache na rangi tupu. Akakataa tena: kete ikianguka vyovyote, mtu aonekane. Kaka yangu Naim, aliyekuwa akifanya kazi Dubai, akatuagizia kwa kadi yake, nasi tukaanza kungoja.

Sasa nieleze kitu ambacho kila mtu Kamukuywa alikiona isipokuwa sisi wa mezani. Mashati ya Noah yalikuwa yameanza kukatika vifungo. Leo hili, kesho lile, na fundi wa kuvirudisha, katika wilaya mbili zenye mafundi kila kona, alikuwa Everlyne peke yake. Everlyne alikuwa amepita miaka thelathini na tano. Wachumba wawili aliwakataa baba yake alipofariki, asimwache mama peke yake. Huyu wa vifungo hakumkataa.

Lakini alimwendea mama yake kwanza. Nakhungu ndiye aliyenisimulia, tumekaa nyuma ya nyumba yake, anachambua mboga ya sagaa.

"Aliniambia, mama, ukisema hapana, mimi pia nitasema hapana. Sitauliza sababu."

"Na kwa nini useme hapana? Noah si mtu mzuri?"

Aliniangalia kwa huruma. Sisi watu wa mjini tumechanganyikana, babu huyu kutoka huku na bibi yule kutoka kule, na mila nyingi zimetuponyoka. "Kadija, kwetu Wabukusu mkwe hakai na mama wa bibi yake. Hamshikani mkono. Hamli meza moja. Akikuona njia hii, anashika ile. Hiyo ndiyo heshima yenyewe. Wazee wakishakuja na mahari, mimi kwa Noah siingii tena."

"Hata Jumapili?"

"Kwani Jumapili ni siku ya nani?"

Nilimuuliza amemjibu nini bintiye. Akasema amemwambia wazee waje, na amemwambia upesi, asimwone akifikiri. Kisha akaweka ungo chini. "Kwa Everlyne nimefurahi, Mungu anajua. Kwangu mimi nimelia. Pale mezani ndipo mahali pekee nilipokuwa mtu tu."

Nilimkasirikia Noah siku ile, hasira ya kweli. Mtu mzima, Mbukusu aliyepashwa tohara na kufundishwa mambo yote hayo, anaagiza kete zenye uso wa mwanamke huku anampelekea binti wa mwanamke huyo vifungo! Nilipomkabili alishika kichwa. Alipokuwa kwenye saiba, aliniambia, alikuwa akimwona Nakhungu wa karata. Alipokuwa Kamukuywa alikuwa akimwona Everlyne. Na hakuwahi kuwaweka wawili hao katika nyumba moja. Nilimwamini. Wanaume wanaweza hilo.

Wazee walikwenda, mahari yakakubaliwa, Everlyne akahamia Kiminini na cherehani yake. Kisha sanduku likafika posta ya Kitale.

Jumapili ile tulilifungua mezani. Nitasema ukweli: zilikuwa nzuri kupita nilivyochora. Wangu aliibusu shingo yake. Kiptanui alijigonganisha na kujisikiliza. Kiti cha Nakhungu kilikuwa wazi, na Noah akagawa kete kwa wote kama sheria inavyotaka, mpaka akafika kwenye nyekundu. Mkono ukasimama.

"Tupa basi," Kiptanui akamwambia.

"Siwezi."

"Ni picha tu, bana."

"Ni mama mkwe. Nitamtupa aje kwa meza?"

"Mgeuze uso uangalie chini," Wangu akashauri, na ushauri ulikuwa mzuri, ila kila upande Nakhungu alikuwepo, kitambaa kichwani, anatuangalia sisi wote. Noah akafunika kete zile kwa gazeti. Walijaribu kucheza na rangi tatu, lakini hakuna aliyejua kuongeza dau mpaka mwenzake atokwe jasho, na hakuna aliyetaka kujua. Wangu aliaga mapema. Everlyne, ambaye tangu zamani aliona karata ni uvivu wa watu wazima, alitoa vikombe. Nilimwona amesimama kwenye karai muda mrefu, maji yanapoa.

Siku ya pili yake Noah aliniomba nipeleke kete nyekundu Kamukuywa, kwa mwenyewe. Yeye hangeweza kufika.

Nakhungu alizimwaga kwenye meza yake ya jikoni. Alisoma jina. Alipitisha kidole juu ya uso, akageuza, akajikuta tena.

"Wameandika Nakhungu," akasema.

"Ndiyo."

"Siku hizi naitwa mama mkwe hata na muuza mkaa." Akazirudisha kwenye mfuko polepole, akaufunga, akaniuliza kama nimekula. Nilitoka pale nikijua nimempelekea mtu kidonda chake.

Jumapili iliyofuata sikuwa na hamu ya kwenda Kiminini, nikaenda kumjulia hali Nakhungu. Nilikuta mlango wazi. Everlyne amekaa mbele ya mama yake, karata mkononi ameshika kama mtu aliyeshika kuku wa kwanza, na katikati yao kete nyekundu.

"Mama, jozi mbili na tatu za kufanana, ipi inashinda?"

"Za kufanana. Usikunje uso. Umeshaniambia una kitu."

"Nakunja sababu jua linanipiga!"

"Basi mwache mwenzako afikiri hivyo."

Ikawa hivyo kila Jumapili asubuhi, baada ya misa ya kwanza. Everlyne alikuja Kamukuywa kufundishwa, halafu mchana akarudi Kiminini kukaa kwenye kile kiti. Mwanzo aliosha vikombe kuliko hata Kiptanui. Mimi refa nilimwonea huruma nikakaribia kumpendelea. Lakini taratibu alianza kunyamaza wakati wa kunyamaza. Alianza kuweka kete chini bila kuziangalia, mkono umelegea, kama mama yake.

Kisha ikaja Jumapili moja ya mvua. Wangu na Kiptanui walikuwa wametupa karata na kujitoa, wamebaki mume na mke. Everlyne alisukuma kete zake zote mbele, akaomba apitishiwe sukari. Noah alimwangalia. Aliangalia karata zake. Akamwangalia tena, na nikamwona anapauka.

"Natupa," akasema.

Everlyne akafunua. Hakuwa na kitu. Hata jozi hakuwa nayo. Kiptanui alipiga meza kwa kicheko, lakini Noah alikuwa ameinamisha macho, kama mtu aliyepishana na mkwewe njiani.

Nilikwenda na Everlyne Kamukuywa Jumapili iliyofuata, sikutaka hadithi ile isimuliwe bila mimi. Nakhungu alitaka yote. Noah alikuwa na nini mkononi? Tatu za kufanana? Na akatupa? Alicheka, akacheka, akajifuta macho kwa leso.

"Miaka yote niliyomfundisha, na bado anaogopa sukari."

Mkono wake ulikuwa juu ya kete, umezifunika.

"Ningependa sana kuuona uso wake," akasema.

Everlyne akachanganya karata, akamgawia mama yake kwanza.