Afisa ustawi alikuja kuhakiki umaskini wangu, akakuta kochi, TV na maua ya plastiki

Wakuu, heshima kwenu, na shikamoo kwa wanaostahili.

Haya yametokea kwangu mwenyewe, hapa Sokon One, Arusha. Sitaongeza chumvi, maana hata bila chumvi aibu yake inatosha.

Mimi ni single mother wa binti mmoja, Naomi, miaka mitano. Tunaishi chumba kimoja. Nafua nguo za watu kule Themi. Baba mtoto yupo hai, namwona status.

Naomi ana pumu. Ile baridi ya mwezi wa saba ikishuka kutoka mlimani, kifua kinambana, na mimi naanza kuhangaika naye mgongoni. Mara ya mwisho nesi aliniuliza, "Mtoto ana bima?" Nikajibu hana, kwa sauti ambayo nadhani hata yeye hakuisikia.

Ndipo nikaambiwa kuna bima ambayo serikali inazilipia kaya zisizo na uwezo. Nikaenda ofisi ya mtaa, nikajaza fomu, mwenyekiti akanigongea mhuri. Ikabaki hatua moja: afisa ustawi wa jamii aje nyumbani aone kwa macho yake kwamba kweli sina kitu.

Wakuu, kwa kutokuwa na kitu nilikuwa na uhakika. Sijawahi kuwa na confidence ile kwenye mtihani wowote.

Sasa, mama yangu alikuwa ameshuka kutoka Maji ya Chai kunisaidia kumwangalia Naomi. Mama ni Mmeru wa zamani. Kwake yeye mgeni akiondoka hajala, hiyo ni kesi ya kuitisha ukoo.

Asubuhi nikamwambia, "Mama, saa nane watakuja wageni wa serikali kuona tunavyoishi." Nikabeba beseni langu nikaondoka.

Sikumweleza zaidi. Niliona aibu kumwambia mama aliyenisomesha kwa ndizi kwamba watu wanakuja kupima umaskini wangu.

Narudi saa saba na nusu, nakuta jozi mbili za viatu vya kiume mlangoni. Wamewahi. Nikafunua pazia, nikasema samahani, nikarudi nje. Nilijua nimekosea mlango.

Nikauangalia vizuri. Ni wangu. Komeo ni lile lile la waya.

Ndani kulikuwa na kochi la watu watatu, vitambaa vyeupe vya kufuma kila mahali, TV bapa, na juu ya kabati nisilolijua maua ya plastiki. Kitanda chetu kimezibwa kwa shuka. Mwenyekiti wa mtaa na afisa, kijana mmoja wa miwani, wanakula loshoro ya mama, zile ndizi za kupondwa na maziwa mgando, kwenye sahani za kioo ambazo sijawahi kuziona maishani.

"Karibu mwanangu," mama akaniambia, kavaa kitenge chake cha kanisani. "Wageni wako nimewapokea."

Kumbe nilipoondoka alipita nyumba hadi nyumba akiwaambia majirani, "Mwanangu anapata wageni wa serikali, msiache aaibike." Na watu wa mtaa wetu ukishawaambia hivyo, wanabeba mpaka pazia.

Wenzangu siku ya kuhakikiwa wanahamishia TV kwa jirani. Mimi nimehamishiwa!

Afisa akatabasamu. "Hongera dada, umejipanga." Akaandika.

"Kaka, hivi vitu si vyangu."

"Kila nyumba naambiwa hivyo."

Mama akadakia, "Vyake vyote! Huyu anajituma sana." Nikamkanyaga mguu. Akauliza kwa sauti, "Mbona unanikanyaga?"

Nikamwangalia mwenyekiti anitetee. Lile kochi analijua, kalikalia vikao vingi. Mdomo umejaa loshoro.

Afisa akaomba TV iwashwe asikie taarifa. Mama akaitazama, akasema, "Imepumzika."

Nikajua bima imeondoka.

Hapo Mama Glory, jirani yangu, akapiga hodi. "Jamani samahani, jumuiya inasali kwangu saa tisa. Naomba kochi langu."

Afisa akasimama, sahani mkononi. Kochi likatoka na vitambaa vyake. Hata hajajua akae wapi, akaingia fundi TV wa pale kona. "Bibi, mteja kaja kuchukua TV yake. Si nilikwambia bado haiwaki?"

Dakika kumi, chumba kikarudi kuwa changu. Wenye kabati nao wakaja, na katika kulibeba walivuta na shuka, kitanda kikaonekana. Ukutani, kwenye msumari, mfuko wa dawa wa Naomi.

Afisa akatoa inhaler kwenye ule mfuko. Akaitikisa, akabonyeza. Hewa tupu.

Mama akachukua ndoo, akaigeuza, akaipangusa kwa kile kitenge cha kanisani, akamsogezea. "Basi kaa hapa, baba."

Wakuu, niliumia. Kumbe siku nzima alikuwa anakimbia kitu kimoja tu: mgeni wa mtoto wake kukalishwa kwenye ndoo.

Afisa akakaa. Akakata alichoandika, akaanza kuniuliza upya, swali la kwanza mpaka la mwisho. Kisha akamalizia loshoro yake.

Majina yalipobandikwa ofisi ya mtaa, la kwangu lilikuwepo. Juzi Naomi kabanwa tena, nesi akauliza, "Ana bima?" Nikajibu ANAYO, mpaka watu wa dirisha la dawa wakageuka. Naomi kalala na inhaler mpya mkononi kama mdoli.

Nilichojifunza: dada zangu mnaolea peke yenu, nendeni mkaulize, kuuliza si kuombaomba. Na nyumbani semeni ukweli. Mimi nilimficha mama aibu yangu, nusura mwanangu akose dawa.

Mama mpaka leo anaamini tulipata bima kwa sababu ya kochi.

Na hapa ndipo nahitaji ushauri wenu. Mama Glory naye analea peke yake, kajaza fomu, anahakikiwa Alhamisi. Mama kasikia. Kanipigia jana, anashuka Jumatano na loshoro, na anauliza kama namjua mtu yeyote mwenye friji.

Namzuiaje?