Siku Nyuki Walipoteka Kilima cha Sajini

Chekeni tu jamani, mimi nilishazoea. Hapa Tawa bado kuna watu wakikutana nami wananipigia saluti, halafu wanapungapunga mikono usoni kama wanafukuza kitu, na mimi naitikia saluti, kwa sababu nitafanya nini?

Ilikuwa miaka ya sabini, nikiwa mwalimu kijana mwenye suruali pana chini na ugonjwa mmoja usio na dawa: nilikuwa nachonga vita. Ndiyo, vita. Nachonga askari wa urefu wa kidole, nawapaka rangi ya kaki kwa brashi ya manyoya ya mbuzi, ikikauka napitisha nyeusi ya majimaji ili iingie kwenye mikunjo ya nguo kivuli kionekane, kisha nawapanga kwenye ubao wenye mchanga, mahandaki na miti ya nyuzi za katani, mpaka unaona vita vizima viko mezani (mama alikuwa akiuliza kama jeshi limeniajiri).

Sasa, nilikuwa nampenda Mwende, na babake Mwende, kule Mbooni, alikuwa Sajini mstaafu, mzee aliyepigana Burma akarudi na hadithi moja tu, ya jinsi alivyoteka kilima peke yake, na kila mwaka kilima kilizidi kurefuka na maadui wakazidi kuongezeka. "Mimi adui hajawahi kuona mgongo yangu," alikuwa akisema, hata kanisani wakati wa matangazo. Alikuwa amekataa kupokea mbuzi wa ntheo, wale wa kufungua posa, eti binti yake haolewi na mtu wa chaki. Nikaona dawa ni moja: nimchongee hicho kilima chake, nimsimamishe juu kabisa na bunduki ya spoki ya baiskeli, halafu nimkabidhi hadharani siku ya harambee ya mabati ya kanisa.

Kilima nilikipata bure. Marehemu babu aliacha mzinga wa nyuki wa gogo, nikaupasua katikati, nikalaza nusu moja kifudifudi, na tundu la nyuki likawa pango la adui. Kazi ilitoka safi, nasema ukweli hata kama ni yangu. Shida ikawa vanishi. Maduka yote hakuna vanishi, na mimi nataka ing'ae, basi nikayeyusha nta, nikapaka juu, nikapaka na ndani ili mchwa wasile, nikasugua mpaka ikanukia.

Hapo naomba mnisikilize vizuri. Mimi ni Mkamba. Babu alinifundisha kutundika mizinga kabla sijaota meno ya pili. Kila mtoto wa Ukambani anajua kwamba ukitaka nyuki wahamie, unapaka mzinga nta ndani, unauweka kivulini wakati miti imechanua. Na miti ilikuwa imechanua! Nyuki wawili watatu walikuja kukagua pale barazani, nikawafukuza kwa brashi, nikidhani wamevutiwa na sanaa.

Siku ya harambee nikafikisha kilima mapema, nikakiweka mezani nje chini ya turubai, nikakifunika kwa shuka ya mama, tukaingia kwenye ibada. Ibada ikaenda, ikaenda, mhubiri hakuwa na haraka. Tulipotoka, shuka ilikuwa inanguruma kidogo.

Sajini, amevaa koti na medali zake, akainamisha sikio, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Mwalimu! Kumbe hata sauti ya ndege ya vita umeweka?"

Ningesema hapana. Neno moja tu. Lakini umati umesogea karibu, Mwende ananiangalia, na babake ameniita mwalimu kwa heshima. Nikasema, "Nimejaribu, Sajini."

Akavuta shuka.

Hatukuona askari hata mmoja. Tuliona weusi mtupu unaotembea, kisha weusi ukainuka. "Woi mwaitu!" akapiga kelele mama mmoja wa kwaya, na harambee ikaishia hapo. Mchungaji akaruka meza ya michango, kwaya ikatawanyika kwa sauti zote nne, na Sajini, jamani, Sajini nilimwona mgongo, nikamwona na soli za viatu. Mwende akajikwaa, akaanguka mbele yangu. Mimi nikamruka. Nilimruka vizuri kabisa, kama mtu wa mashindano, nikaendelea na safari.

Choo cha kanisa kilikuwa kimefungwa kwa ndani. Nikagonga.

"Hapa kumejaa!" Ilikuwa sauti ya Sajini.

"Mzee, ni mimi mwalimu, nakufa!"

Akafungua kidogo, akanivuta kwa shati. Tukabanana humo, nyuki wakigonga mabati, medali zake zikinidunga kifuani. Baada ya muda akasema polepole, "Mwalimu, watu wakiuliza, leo wewe umeniona wapi?"

"Nimekuona ukiongoza watu mahali salama, Sajini."

Akafikiria. "Sawa. Jumamosi leta hizo mbuzi."

Nilitoka chooni nimevimba mdomo na ninacheka. Jumamosi nikapanda Mbooni na wajomba zangu na mbuzi, Sajini akatupokea kwa mikono miwili, akamwita binti yake aje asalimie wageni. Mwende akaja, jicho moja limeziba, kiganja kimefungwa kitambaa pale alipoangukia. Akasalimia wajomba mmoja mmoja kwa adabu. Kisha akanigeukia.

"Baba amekubali?"

"Amekubali," nikasema, nikitabasamu kwa ule upande wa mdomo uliokuwa bado unafanya kazi.

"Basi oa yeye. Si ndiye ulikimbilia?"

Sajini akakohoa, akasema mbuzi warudi, na tukateremka nao ile miteremko siku ya soko, kila mtu akiuliza mbona mbuzi wanarudi. Nililia kidogo, nikisingizia macho yaliyoumwa. Mwende alikuwa amesema kweli, na hiyo iliniuma kuliko miiba yote.

Siku hizi mtu akinisifu kwa jambo ambalo sikulifanya, hata akiwa baba wa nani, namkatiza hapo hapo: hapana mzee, hiyo si kazi yangu. Nimekosa sifa nyingi kwa njia hiyo, lakini sijaumwa tena.