Swali Nililouliza Mwambani

Wenzangu wana vyuo, mimi nina mwamba. Uko juu ya shamba la mama mkwe, ukitoka Kiritiri kuelekea Kiambere, mpana na tambarare, na ni hapo tu simu yangu hushika mtandao. Nilimaliza kidato cha nne na alama za kutosha, kisha nikapata mtoto, na habari ya chuo ikaishia hapo. Shule niliyobaki nayo ni kuketi kwenye jiwe la moto nikitazama video za watu wakieleza mambo mapya ya kutengeneza programu.

Mwanzoni sikutazama hata hizo programu. Nilitazama watu. Kamera ikigeuka unaona ukumbi, vichwa vimeelekea mbele, wasichana wa rika langu wameweka kompyuta mapajani na hakuna anayewaita wakafungulie mbuzi. Mwishoni mtu anainua mkono, analetewa kipaza sauti, anauliza, anajibiwa kwa heshima. Ule mkono ulioinuliwa niliutamani kuliko chochote nilichotamani nikiwa na mimba, na nikiwa na mimba nilitamani hata udongo.

Programu zilikuja baadaye. Nilijifunza kuandika kwenye simu hiyo hiyo, herufi ndogo kama chawa, nikatengeneza programu ya kupanga zamu za kikundi chetu cha kupura ndengu: leo tuko kwa nani, kesho kwa nani. Ikakwama. Mama mkwe akibadilisha zamu kwenye simu yake bila mtandao, na jirani abadilishe hiyo hiyo kwenye yake, mtandao ukirudi mmoja anamfuta mwingine. Siku moja wanawake walienda boma mbili tofauti na fimbo zao. Matusi nikayala mimi.

Basi nikapata video ya jamaa mmoja wa Nairobi anayefundisha programu zinazofanya kazi bila mtandao. Akawaambia watu wake, fikirieni mtu aliye mahali ambapo hakuna mtandao kabisa. Ukumbi ukacheka kidogo. Hasira ilinipanda. Kufikiria nini? Niko hapa, nina jina, nina mtoto mgongoni. Lakini alisema wiki ijayo atazungumza moja kwa moja, na walio mbali wataweza kuuliza.

Siku yenyewe ikaangukia zamu yetu ya ndengu. Kwetu, wanawake wakija kupura kwenu na mke wa boma hayuko, utasemwa hadi mtoto wako aolewe. Nilimwendea mama mkwe nikiwa nimeshapanga maneno ya kugombana. Yeye huniita Mama, kwa sababu binti yangu ana jina lake, kwa hiyo ni kama nimemzaa yeye. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Hao watu wako wanapatikana wapi, Mama?”

“Mwambani tu.”

“Basi ndengu tutapuria mwambani.”

Turubai likapandishwa huko, na magunia, na birika la chai. Wanawake walinicheka mchana kutwa. Mmoja aliuliza kama leo tunapura ndengu ama tunapura simu. Mwingine akataka nimsalimie huyo bwana. Nilipiga fimbo kwa mkono mmoja, mwingine umeshika simu, waya sikioni, mtoto amelala mgongoni.

Jina langu likaitwa. Nikafungua kipaza sauti, na kabla sijamaliza salamu msimamizi akasema kuna kelele kama mvua ya mawe, akanizima. Mama mkwe aliona uso wangu. Akainua fimbo yake juu.

“Nyamazeni. Mama anauliza.”

Wakanyamaza wote, fimbo mikononi. Nikaomba tena, nikafunguliwa. Nikauliza kwa Kiingereza changu cha shule: watu wawili wakibadilisha jambo moja, kila mmoja kwa simu yake bila mtandao, utajuaje uhifadhi badiliko la nani? Yule jamaa akasema ni swali zuri sana, atalirudia baadaye kulijibu.

Hakulirudia. Wengine wakauliza yao wakajibiwa, watu wakapigiana makofi, mkutano ukafungwa. Nikashika fimbo kwa mikono miwili na kupiga mpaka punje zikaruka nje ya turubai.

“Hizo ni ndengu, Mama,” mama mkwe akasema. “Si yule mwanaume.”

Zamu bado zinafutana. Natafuta jibu kwenye video nyingine, naendelea kutafuta. Lakini ile ya siku hiyo waliiweka mtandaoni, nikaipakua, na sijaifuta hata simu inapojaa. Mama mkwe akipata wageni huniambia niicheze pale sauti yake inaposikika, maana katikati ya swali langu alikohoa, na kikohozi chake kilifika Nairobi. Wageni hucheka, naye hufurahi.

Mimi sisikilizi kikohozi. Pale sauti yangu inapoingia kwenye spika za ukumbi, kamera inageukia watu, na vichwa vinaanza kuzunguka, kushoto, nyuma, kumtafuta anayezungumza. Kuna msichana mmoja wa kitambaa cha kijani anayegeuka kabisa kwenye kiti chake, anaangalia mlango, kama mtu aliyeambiwa mwenzake yuko nje. Anangoja kidogo. Kisha anarudi mbele, na mimi narudisha video nyuma, ageuke tena.