Kona ya Jabali la Igogo

Watu wa umri wangu tumeanza kusema "enzi zetu" kana kwamba tulizaliwa mkoloni bado yupo. Huwa nawabishia. Enzi zetu zipi, wakati wengine ndevu zenyewe hazijakaa sawa? Mtu akisema maembe ya zamani yalikuwa matamu zaidi, nauliza nani aliyaonja yote. Akisema watoto wa zamani walikuwa na adabu, nakumbuka fimbo ya mpera iliyokaa juu ya mlango wetu, nayo haikuwa pambo. Lakini honi ya treni ikilia kutoka upande wa Mkuyuni, ubishi wote huniisha. Narudi kuwa mtoto wa Igogo mwenye magoti ya vumbi.

Tulipanga vyumba katika uwanja mmoja na kina rafiki yangu Magesa, Wajita wa Musoma ambao baba yao alinunua samaki soko la Mwaloni na kuwauza mjini. Katikati ya uwanja kulikuwa na jabali kubwa kama chumba. Kwa mtu wa Mwanza hilo si la kushangaza, kwetu nyumba ndiyo hulikwepa jiwe. Mama zetu walianika juu yake dagaa na nguo pamoja, na sare zetu za shule zilinuka ziwa wiki nzima. Mwalimu wetu alikuwa akisema darasa letu halihitaji daftari la mahudhurio, anafumba macho tu anavuta hewa.

Watoto wengine walicheza treni kwa kushikana mashati na kupiga kelele. Magesa hakutaka. "Hiyo ni foleni," alisema. "Treni ina reli." Basi tukajenga reli, na tukataka iwe kama ile ya kweli inayopita bondeni, chini ya mtaa wetu.

Vipimo tulivichukua kwa kamba ya katani, treni ikishapita na mama akiwa sokoni. Tulinyoosha kamba kutoka chuma hadi chuma, tukaikata, kisha tukaikunja na kuikunja tena hadi ikatoshea kiganja. Huo ndio ukawa upana wa reli yetu. Urefu wa taruma, ule ubao unaolala chini ya vyuma, tukaukunja mikunjo ileile, na nafasi kati ya taruma na taruma vilevile. Magesa alinisimamia kama askari. Nikikosea mkunjo mmoja ananirudisha mwanzo. Mataruma yalikuwa vipande vya mbao tulivyookota kwa fundi seremala, reli zilikuwa waya mnene tulioupigapiga kwa jiwe mpaka ukanyooka, na kokoto tulizipata kwa kugongagonga mawe, huku mchanga ukituingia machoni na mihogo ya kukaanga ikipoa pembeni.

Reli ilianzia kwenye mteremko wa mlango wetu, ikashuka, kisha ikalazimika kulizunguka jabali. Hapo ndipo palikuwa na kona. Tulikuwa tumeona kwamba reli ya kweli, ikikata kona, chuma cha nje hunyanyuliwa juu kidogo kuliko cha ndani. Nilimuuliza baba kwa nini. Akajibu, "Kwa sababu mafundi waliamua." Nikauliza kwa nini waliamua. Akaniangalia, akamwambia mama, "Huyu akiambiwa moto unaunguza, atataka kumhoji moto." Jibu tulilipata wenyewe tulipozungusha ndoo ya maji na maji hayakumwagika: kinachozunguka husukumwa nje, nasi tukakinyanyua chuma chetu cha nje.

Treni yenyewe ilikuwa kopo la mafuta ya kula lililolazwa, na kokoto ndani ili liwe zito. Magurudumu yalikuwa duara za ndala chakavu, kila moja limepigiliwa kifuniko cha soda kilichotokeza ukingo wake wenye meno. Ukingo huo ndio uliopaswa kuzuia gurudumu lisiteleze nje ya waya. Vifuniko tulivigeuzia nje, kwa sababu vilimetameta vizuri. Nani apigilie pambo kwa ndani lisionekane?

Treni ilishuka mteremko kwa fahari, ikafika kwenye kona, ikaanguka. Tukanyanyua chuma cha nje zaidi, ikaanguka. Tukabomoa kona na kuipanua mpaka ikakaribia jiko la Mama Magesa, ikaanguka kwenye jivu. Binamu yangu Sudi, aliyekuwa akitoka Kirumba kuja kula kwetu kila Jumapili, akapata burudani.

"Hiyo treni inakunywa gongo wapi?" aliuliza. "Ikiona jiwe tu inalala."

"Kwenu Kirumba mna reli?" Magesa akamjibu.

"Hatuna. Lakini pia hatuanguki."

Halafu ikaja habari mbaya. Baba yake Magesa alikuwa anarudi Musoma na familia yote, shule zikifungwa tu. Magesa alinieleza akiwa amechutama karibu na kona, bila kunitazama. "Zuhura, lazima izunguke kabla hatujaondoka. Hata mara moja." Kuanzia siku hiyo hatukucheza rede wala kuruka kamba. Tulipima, tukakunja kamba, tukagombana. Yeye alilaumu kokoto, mimi nililaumu mikunjo yake. Nilitilia shaka kila kitu katika reli ile, hata ukweli wa kamba ya katani. Magurudumu sikuyawazia. Yalikuwa yanapendeza.

Siku moja kabla ya kuhama kwao, tulimsindikiza bibi yangu stesheni, anarudi Tabora. Bibi alipanda behewa na vikapu vyake vya samaki wakavu, akachungulia dirishani kuniaga, asinione. Nilikuwa nimechutama jukwaani, shingo nimeikunja, natazama gurudumu.

"We Zuhura! Bibi yako niko huku juu! Huko chini unaagana na nani?"

"Bibi, shikamoo, ukingo uko ndani!"

"Marahaba. Nini kiko ndani?"

Mama alinivuta kwa sikio, lakini nilikwisha kuona. Gurudumu la kweli lina ukingo upande wa ndani, kati ya vyuma viwili, mahali ambapo abiria hauoni. Kwenye kona treni husukumwa nje, uzito wake unaelemea gurudumu la nje, na ukingo wa gurudumu hilo hilo ndio unaoizuia. Letu la nje ukingo wake ulikuwa unaning'inia hewani, ukimetameta bure.

Asubuhi, gari la mizigo likiwa uwanjani na vitanda vimeshapakiwa, mimi na Magesa tuling'oa vifuniko kwa kijiko na kuvipigilia upya kwa ndani. Treni ilionekana mbaya, kama mtu aliyevaa shati nje ndani.

"Magesa! Gari linawaka, tunakuacha!" mama yake aliita.

"Mama, kidogo tu!"

"Kidogo chako nakijua mimi!"

Magesa akaiachia. Ikashuka, ikaifika kona, ikainama kidogo kuelekea jabali, na haikuanguka. Ikazunguka. Ikatokea upande wa pili, mahali ambapo hatukuwa tumeweka hata taruma moja, kwa sababu haikuwahi kufika huko. Ikaishiwa reli, ikakimbia vumbini, ikagonga tairi la lile gari na kulala ubavu. Mama Magesa alicheka mpaka akaketi juu ya godoro. Magesa hakucheka. Alisema, "Hatukujenga stesheni," akapanda gari.

Mwaka huu nilipita pale Igogo. Jabali lipo, dagaa wapo, wapangaji ni wengine. Mtoto mmoja alikuwa ameketi kivulini anaendesha treni kwenye simu ya mama yake, inakata kona kwa kasi ya ajabu bila hata kuinama. Nikamuuliza ikianguka anafanyaje. Akaniangalia kana kwamba mimi ndiye mzee wa mvi. "Dada, haianguki. Na ikianguka unaanza upya."

Simu yangu pia hunionyesha treni za dunia nzima, na kila nikiwa stesheni bado nachutama kutazama magurudumu, watu wanifikirie watakavyo. Magesa nimemtafuta humo humo kwenye simu. Wametokea Magesa wengi, maana jina hilo mkoa mzima wa Mara wanalo, na nimewaandikia baadhi yao swali moja ambalo Magesa wangu hawezi kulikosa: jabali lilikuwa upande gani wa kona? Hadi leo wananijibu kwa kuuliza mimi ni nani.