Manyoya ya Shingoni

Krrrr. Nikinyamaza vizuri naisikia hata leo, kavu na ya haraka, kama punje za mahindi zinazomwagwa juu ya bati. Mara ya kwanza nilitazama juu mitini nikimtafuta mdudu. Kumbe ilitoka mkononi mwa Mzungu. Fimbo yake ya kuvulia ilikuwa na kigurudumu karibu na kishikio, na samaki alipouvuta uzi akikimbia, kigurudumu kikalia. Mzungu mwenyewe alikuwa amesimama ndani ya maji mpaka kiunoni, mwezi wa saba, wakati ambao huku kwetu Njombe hata mbwa hatoki nje kwa baridi kabla jua halijapanda. Alikuwa anacheka.

Nilimuuliza mjomba anafanya nini pale.

"Anapumzika," mjomba akasema.

Ziwa lilikuwa dogo. Ukitoka Njombe unashika barabara ya kaskazini, ya kwenda Makambako, kisha unaiacha na kushuka bondeni chini ya mashamba ya miwati, miti inayopandwa kwa ajili ya magome yake. Mtu akiwa ng'ambo unamtambua kwa mwendo wake. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa mtunza boti pale. Siku za kazi aliziba nyufa na kufyeka majani, Jumapili aliwapigia makasia Wazungu wa miwati waliokuja na wake zao, mbwa zao na vikapu vilivyofunikwa vitambaa. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la nne na kukaa nyumbani, kwa hiyo tukitoka kanisani nilishuka kumtazama.

Sikuelewa kitu, na ndiyo maana nilipenda kwenda. Mjomba alinieleza kwamba samaki wale waliletwa na lori ndani ya madebe, wadogo kama kucha, na yeye alikuwa mmoja wa waliowamwaga majini. Sasa wenyewe waliowaleta walikuwa wanawatafuta mmoja mmoja kwa ndoano, na wakimpata aliye mdogo, wanamfungua mdomo polepole kama mtoto mchanga na kumrudisha. Sisi tulivua mtoni kwa vikapu, tukirudi tunapika. Nilikaa ukingoni nikawaza kwamba labda chini ya yale maji kuna nchi nzima, na yule mdogo amerudi kwao kusimulia alikokwenda, na hakuna anayemwamini.

Nyumbani nilimsimulia bibi, mama yake baba. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Anaweka mwenyewe, anatafuta mwenyewe, akipata anarudisha," alisema. "Huyo anaumwa, mke mwenzangu. Usimcheke."

Baba hakuwepo. Alikuwa amepanda lori la manamba Makambako kwenda kukata mkonge Tanga, akatuachia kifaranga kimoja cha kiume kilichookoka na mwewe. Mama akasema huyu ni wa baba yenu, siku akirudi ndiye atakayechinjwa. Kwetu mwanamume akitoka safari ndefu hapewi tetea, anapewa jogoo. Kifaranga kikakua kikawa jogoo mkubwa mwenye shingo nyekundu inayong'aa kama shaba iliyosuguliwa. Mimi nilikuwa nalala nikimsikiliza akikung'uta mbawa zake nyuma ya ukuta, na kichwani mwangu yeye na baba walikuwa wamefungwa kamba moja. Jogoo akiwepo, baba yuko njiani.

Balaa lilianzia kwenye kilemba changu. Nilikuwa nimeokota unyoya wa shingo yake nikauchomeka kichwani kwa mapambo, nikashuka nao ziwani. Mzungu wa fimbo, ambaye ndiye aliyekuwa meneja wa miwati, aliuona. Aliuomba kwa kunyoosha mkono, akaugeuzageuza juani, akamwita mkewe aje aone. Kisha akafungua kikopo bapa na kunionyesha. Ndani mlikuwa na wadudu wamejipanga, wengine wa kahawia, wengine wekundu. Nikarudi nyuma. Mjomba akacheka, akaniambia si wadudu, ni manyoya na uzi vimefungwa juu ya ndoano. Samaki wa Kizungu haumi mnyoo kama samaki wenye akili, anauma nguo za kuku. Na bwana anasema anataka manyoya mengine kama haya, ya shingoni.

Nilifikisha ujumbe nyumbani kama nilivyopewa. Bibi aliweka chini mwiko.

"Manyoya?"

"Ya shingoni, bibi."

Akasema kwamba manyoya ni kitu cha jalalani. Mtu akikuomba kuku kwa adabu anaanzia mbali, hataji kuku, anataja manyoya, na mwenye masikio anaelewa. Tukimpelekea manyoya matupu tutakuwa tumemwambia: nyama tumekula, takataka hizi hapa. Jirani haambiwi hivyo, awe mweupe awe mweusi. Jogoo aende, tena mzima.

Mama alikuwa anachambua njegere. Aliendelea kuchambua. Ila Jumapili asubuhi alichana ukanda kwenye kanga yake ya zamani, akamfunga jogoo miguu yeye mwenyewe, na alipoukaza mkono wake ulikaa juu ya yale manyoya zaidi ya ilivyohitajika kufunga.

"Mpelekee," akaniambia. "Na baba yako tutaona."

Nilimbeba kwapani. Njia nzima moyo wake ulikuwa unanipiga mbavuni, nami nilikuwa namwambia maneno ya kijinga, kwamba huko aendako kuna maji mazuri.

Meneja alipomwona alicheka kwa furaha. Alimpokea kwa mikono miwili, vizuri kabisa, nikasema moyoni bibi alikuwa sahihi. Kisha akatoa mkasi mdogo. Nikafumba macho. Nilipofumbua, jogoo alikuwa hai, shingo imebaki wazi upande mmoja kama mtu aliyenyolewa na kinyozi mlevi, na yule bwana amefunga manyoya yake ndani ya karatasi na ananirudishia jogoo.

Sikunyoosha mikono. Zawadi hairudishwi kwetu. Anayeirudisha amekwambia hakutaki, wewe na nyumba yako. Lakini uso wake ulikuwa unacheka na haukuwa na ubaya, na hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Mkewe akasema kitu kwa upole. Yeye akanisogezea jogoo tena.

"Mjomba, mwambie amchukue," nikasema.

"Nimemwambia. Anasema asante, manyoya yanatosha."

"Bibi atasema nini?"

"Bibi atasema amekataliwa." Mjomba alimpokea jogoo yeye, maana mikono ya bwana ilikuwa inachoka. "Hawa watu hushika wakaachia, mwanangu. Umeona kwa samaki."

Alimfunga kwa ule ule ukanda wa mama, mguu mmoja, ndani ya kibanda cha boti. Akaniambia nisiseme neno mpaka apate akili ya kufanya. Akili hiyo haikuja. Jumapili iliyofuata kigurudumu kililia sana, na meneja akampa mjomba samaki mkubwa mwenye madoa ampelekee mwenye jogoo. Bibi alimpokea samaki kwa vigelegele. Zawadi yake imejibiwa, heshima imekwenda na imerudi, na kwa hesabu yake jogoo yuko tumboni mwa Mzungu. Mama alikula kipande chake bila kuinua macho.

Sasa ningefanyaje? Nikisema jogoo yupo, nimemvua bibi nguo mbele ya watu. Nikinyamaza, mama anaomboleza jogoo aliye hai. Nilikuwa napeleka pumba kibandani nikirudi nimejaa maneno. Asubuhi moja upepo ulivuma kutoka bondeni, bibi akasimama uani.

"Anayewika kule ni kama wetu."

Mjomba, aliyekuwa amepita kutusalimu, alisema majogoo wote husoma darasa moja. Bibi akamwambia pombe ya ulanzi imemwingia masikioni.

Kisha siku ya kazi, jua likiwa juu, akaja jirani aliyetoka Makambako. Hata salamu yetu ya kamwene hakuisubiri. Alisema lori la watu wa mkonge limefika, amemwona baba kwa macho yake mwenyewe, amebeba sanduku la bati, amekonda lakini anatembea. Anakuja kwa miguu, jioni atakuwa hapa. Mama aliketi chini palepale alipokuwa. Bibi alizunguka uani huku na kule, akimtazama tetea wetu mmoja aliyekuwa anaatamia, na kwa mara ya kwanza nilimwona ameinamisha kichwa.

"Mwanangu anarudi," alimwambia mama, "na jogoo wake nilimgawa mimi."

Mama akasema si kitu, tutampikia njegere.

Mimi nilichukua mtungi kama ninayekwenda kuteka maji. Nilikimbia mpaka ziwani. Hakukuwa na mtu, mjomba alikuwa ametumwa mjini, boti imelala kifudifudi na maji yametulia kabisa. Jogoo alinijua. Shingo yake ilikuwa inaota upya, vijinyoya vifupi vyekundu, na alipoegemeza kichwa mkononi kwangu nilitamani akae pale kibandani maisha yake yote akiwawikia samaki. Nilitamani pia baba aikute harufu ya mchuzi wake mlangoni. Nilitamani yote mawili kwa nguvu sawa, na hakuna aliyenifundisha mtu anafanyaje akiwa hivyo.

Kitu kimoja tu nilikijua. Kuku akirudishwa na mtu ni aibu, lakini kuku akijirudia mwenyewe nyumbani, nani atamlaumu nani?

Nilipiga magoti, nikafungua fundo la ukanda wa mama. Lilikuwa limekazana kwa unyevu wa ziwa, ikabidi nitumie meno. Nikamtoa jogoo nje, nikamweka kwenye njia ipandayo kwetu, nikaondoa mikono.