Sikio la Ndama wa Tembo

Katika ukoo wetu hapa Bujonde, mimi ndiye wa kwanza kupata stashahada ya afya ya wanyama, na wa kwanza kulipwa mshahara wa Ulaya kwa kulea tembo. Hakuna aliyenishika mkono. Nyumba hii ya tofali za kuchoma na mikakao iliyo nyuma yake imetoka kwenye mavi ya tembo niliyozoa kwa koleo kwenye bustani ya wanyama, mpaka wakaona uwezo wangu wakanipandisha zamu ya uzazi. Nikifika hapo mama hunikatisha.

"Ruaha tembo wamejaa, wewe ukapanda ndege kuwafuata kwa Wazungu. Haya, bwana stashahada, geuza kakao."

Nilikuwa nageuza kakao juani simu ilipoita. Alikuwa mwenzangu wa zamu ya zamani kule bustanini, mwanamke mgumu ambaye sikuwahi kumwona akilia. Siku hiyo alikuwa analia.

"Mtoto hanyonyi," alisema. "Uso umeanza kuvimba."

Niliketi palepale juu ya mkeka, juu ya kakao yangu.

Watu hudhani tembo wa bustani huzaa kama mbuzi. Madume ni wachache, na jike akikaa miaka mingi bila kuzaa, kizazi huchoka. Mimba yenyewe huchukua karibu miaka miwili. Mama wa ndama huyu alikuwa ameshaharibu mimba moja, na kabla ya hapo alizaa mtoto ambaye nilimwona kwa macho yangu: asubuhi alikuwa anasukuma tairi, jioni ulimi ulikuwa wa zambarau na moyo umesimama. Ni kirusi. Hukaa kimya ndani ya tembo wakubwa, pengine ndani ya mama mwenyewe, bila kumsumbua. Kikiamka ndani ya mtoto hutoboa mishipa ya damu, akavuja ndani kwa ndani huku nyinyi mnamtazama.

Dawa zipo, ila husaidia zikiwahi. Ndiyo maana kila wiki tulimtoa ndama damu sikioni, tukikitafuta kirusi kabla hakijaonekana usoni. Ndama halazimishwi. Anakuja mwenyewe kwenye nondo za zizi, anapitisha sikio, anasimama kimya. Kumzoesha hivyo ni kazi ya miezi, na aliyeifanya ni mimi. Nilimfundisha kwa Kinyakyusa, kwa makusudi. Isaga, njoo. Ndaga, asante, na kipande cha tikiti mdomoni. Nilitaka katika nchi ile ya baridi kuwe na kiumbe kimoja kinachotii lugha ya mama yangu. Wenzangu walikariri maneno hayo, nami nikarudi nyumbani nikijisifu.

"Amejibana nyuma ya mama yake," mwenzangu aliendelea. "Tunamwita kwa maneno yako, hageuki. Damu hatujapata, dawa hatujampa. Daktari anaogopa kumlaza kwa sindano, hataamka. Tafadhali, mwite wewe."

Mtandao ukakatika.

Mama alikuwa amesikia hofu kwenye sauti yangu. "Huo ugonjwa haukuja na nguo zako? Ng'ombe wangu ana mimba."

"Mama, ni kirusi cha tembo. Ng'ombe hakimpati."

"Kwani tembo si mnyama?" Alimfungua ng'ombe wake akamsogeza mbali na nyumba yangu, huku akimshika tumbo. Sikumcheka.

Nilipanda bodaboda hadi Ipinda, kwenye mtandao wa uhakika. Njiani niliuona ule ulimi kila nilipofumba macho. Niliingia kwenye kibanda cha vocha, nikajaza bando, nikapiga simu ya video.

Nilimwona ndama kwa tabu. Mkonga ulining'inia kama kamba. Chini ya macho palikuwa pamevimba.

"Isaga," niliita.

"Kaka, mchumba amenuna?" aliuliza dada muuza vocha. Mwendesha bodaboda akadakia, "Mzungu gani huyo anaitwa kwa Kinyakyusa!" Wakacheka.

"Isaga, mwanangu. Isaga."

Aliyegeuka kwanza ni mama yake. Aliinua masikio, akaja hadi kwenye nondo, akanusa simu mpaka skrini ikawa giza tupu. Niliposikia pumzi yake nilijua ananitafuta. Alipoondoka, ndama alikuwa amesimama peke yake, hana tena mtu wa kujificha nyuma yake. Nikaita, nikaita. Kibandani kicheko kilikwisha. Dada wa vocha alikuja akachungulia begani kwangu, akasema polepole, "Mungu wangu, ni mtoto."

Ndama alikuja akiyumba. Alipitisha sikio. Nilisema ndaga sindano ilipoingia, ndaga damu ilipojaa, ndaga walipompa dawa, mpaka sauti ikaniishia.

Kirusi kilikuwemo. Siku zilizofuata nilishinda na simu mkononi. Hatimaye mwenzangu aliniambia ndama amenyonya. Nilimwambia mama. Akasema ndaga, akamrudisha ng'ombe wake mahali pake.

Lakini kirusi hakijatoka. Kikishaingia hakitoki, hulala tu. Kwa hiyo kila wiki, siku ya damu, mimi mwenye stashahada yangu naenda Ipinda kuita. Dada wa vocha ameshaniwekea kigoda. Wiki hii skrini ilionyesha nondo tupu na sakafu ya mchanga. Niliita, hakuna kitu. Niliita tena. Dada aliacha kuhesabu chenji. Mteja akataka kuuliza, dada akamziba mdomo kwa kiganja.

Kisha, pembeni kabisa mwa skrini, sikio.