Sifuri za Hilkka

Kuna watu duniani wanaokusanya stempu, kuna wanaokusanya maadui, na kuna Hilkka Rautiainen wa mji wa Oulu, kule Ufini, aliyekusanya sifuri. Kwa miaka kumi na tisa, kila mara kampuni yao ya kukodisha hifadhi ya data ilipomtengenezea mteja diski pepe, ile diski isiyoshikika inayokatwa ndani ya mashine kubwa za chumba cha chini, Hilkka aliisoma mwanzo hadi mwisho kabla haijakabidhiwa. Diski mpya inatakiwa isomeke sifuri tupu. Kwa hiyo mama huyu wa miaka hamsini na minane, mwenye shahada yake safi ya hisabati, alilipwa kukodolea macho sifuri. Akizikuta zote zipo, anaweka tiki na kwenda kunywa kahawa. Wengine sifuri ziliwafukuzisha shule. Yeye zilimpa mshahara.

Wenzake wanne walimwita Mama Sifuri. Kwa upendo, walisema. Upendo wa namna hiyo ukizidi, unaweza kukutoa machozi.

Kisha akaletwa Jarkko Penttinen, meneja mpya wa miaka thelathini na minne, aliyejua kila kitu isipokuwa yale asiyoyajua, nayo yalikuwa mengi.

"Hebu nieleze, Hilkka," alisema wiki ya kwanza, amesimama na soksi zake za mistari kwenye zulia la ofisi. "Diski mpya si ni mpya?"

"Inategemea imekatwa wapi. Ikiundwa kama faili, sawa, pasipoandikwa kitu patasomeka sifuri. Lakini ikikatwa kwenye diski kuukuu za rafu ya tatu, utasoma alichoacha mpangaji wa jana."

"Si kuna programu ya kuhamisha data? Itaandika juu yake."

"Ile huuliza kwanza: huku tunakohamia ni kutupu? Ikijibiwa ndiyo, haihangaiki kuandika sifuri, inaziruka. Na rafu ya tatu hujibu ndiyo hata pakiwa pamejaa."

"Sasa kama imejibu ndiyo, shida iko wapi?"

"Hata wewe nikikuuliza umeelewa, utanijibu ndiyo."

Jarkko alicheka kwa meno tu. Wiki mbili baadaye, ajenda ya mkutano wa Jumanne ikaja na mstari mmoja mfupi: kufuta usomaji wa diski mpya, pamoja na nafasi ya msomaji. Hilkka aliusoma mstari ule mara tatu, na uliuma kila mara. Nani angemwajiri mwanamke wa umri wake, mwenye uzoefu mkubwa wa kutazama pasipo na kitu?

Na Oulu mkutano hauamuliwi kwa kelele. Mwenyekiti husoma pendekezo, huuliza kama kuna pingamizi, watu hutazama vikombe vyao, naye hugonga meza, limepita. Waungwana wale wanaweza kukunyonga kwa kunyamaza tu, kisha wakakukaribisha andazi la mdalasini.

"Hili litatuokolea saa sita kwa kila diski," alisema Jarkko. "Kuna pingamizi?"

Esko, aliyekaa meza moja na Hilkka kwa miaka kumi na mmoja, aligundua ghafla kwamba kijiko chake ni kitu cha kuvutia sana. Jarkko akainua ngumi agonge.

"Lipo," alisema Hilkka.

Shingo tano ziligeuka. Kuvua nguo mbele ya wenzako hakuna neno, wanavua wote kila Ijumaa wakienda sauna, kile chumba cha mvuke. Lakini kupinga mkutanoni! Masikio ya Esko yaliiva kwa aibu.

"Leo mchana tunalikabidhi lile gazeti la mtaani diski yao," Hilkka aliendelea. "Imekatwa rafu ya tatu. Sijaisoma, maana mliniambia nisubiri mkutano. Basi tuisome hapa hapa."

"Soma kwa sauti," alisema Jarkko akijiegemeza kitini. "Sifuri, sifuri, sifuri. Tupate usingizi."

Hilkka akafungua kompyuta. Kweli, zilianza sifuri, mstari kwa mstari, na mtu mmoja akakohoa kicheko. Halafu zikakatika, zikaja herufi. Mpangaji wa mwisho wa rafu ile alikuwa kliniki ya ushauri wa ndoa, na barua za wateja wake zilikuwa zimelala pale pale, zikingoja waandishi wa habari. Hilkka alisoma ya kwanza kimoyomoyo, akafika kwenye jina, akaondoa vidole kwenye kibodi.

"Vipi, Mama Sifuri, zimekukimbia?" aliuliza Jarkko.

"Si sifuri."

"Hizo takataka tu. Soma wote tusikie."

"Sisomi."

"Basi geuza kioo tuone wenyewe!"

Angeweza kukigeuza. Haki ya Mungu angeweza, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alikiinamisha kifuniko nusu, akaisukuma kompyuta mezani hadi mbele ya meneja peke yake.

Jarkko aliinua kifuniko huku bado akitabasamu. *Naomba miadi*, barua ilisema. *Mke wangu anataka kuondoka, anasema sijui kusikiliza. Tafadhali mtu mwingine asijue.* Chini yake lilikuwa jina kamili la Jarkko mwenyewe na namba yake ya simu.

Alifunga kompyuta polepole. Wenzao walitazama vikombe, wakingoja meza igongwe. Haikugongwa.

"Hilkka," alisema, "ile habari ya rafu ya tatu, nieleze tena. Nasikiliza."